Shahidi wa Pili

"Mama Hilmi, hivi hilo godoro lako haliishi kufumuliwa?"

Mama Rifaat aliuliza swali hilo ngazini, mwaka juzi, beseni la nguo likiwa kiunoni na sauti ikiwa ya kicheko. Insaf naye alicheka. Alijibu kwamba pamba ya zamani ina mabonge, na fundi mwenyewe ni mzee, mikono imechoka. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akauegemea mpaka moyo ulipotulia. Fundi mwenyewe alikuwa jikoni, anamenya vitunguu.

Tangu siku ile Mama Rifaat hakuuliza tena. Afadhali angeuliza. Akikutana na Insaf kwenye foleni ya mkate humtazama tu, halafu hutazama mbali, na Insaf hubaki na jibu lake la uongo mdomoni kama tonge lisilomezeka.

Fundi huyo ni Bayumi, mtengenezaji wa magodoro ya pamba. Zamani hapakuwa na bibi harusi mjini Ismailia aliyehamia kwa mumewe kabla Bayumi hajapita kwao na upinde wake mrefu, akakaa uani, akaipiga pamba mpaka ikafura kama maziwa yanayochemka. Siku hizi watu hununua sponji, na upinde huning'inia ukutani. Kwa Insaf alikuja kufumua godoro moja na mito miwili, miaka mingi baada ya Insaf kufiwa. Akanywa chai, akaongea maneno ya adabu, akaondoka. Kesho yake akarudi kushona pindo ambalo alikwisha lishona. Insaf alimwona, akaweka maji ya chai jikoni.

Walioana kwa halali. Sheikh wa kijijini kwa akina Bayumi alisoma khutba, mahari yakatajwa, binamu wawili wakashuhudia. Aliyekosekana ni karani wa ndoa wa serikali. Siku karani huyo atakapoiandika ndoa hiyo, ofisi ya pensheni itaijua, na fungu la mjane wa sajini Abdel-Barr litakatwa palepale. Mjane akiolewa si mjane tena, ndivyo sheria inavyosema, hata kama huyo aliyemwoa hana cha kumlisha.

"Itangazeni," sheikh aliwaambia siku ile. Insaf aliitikia kwa kichwa. Ndoa za wenzake zilitangazwa kwa ngoma na vigelegele mpaka mtaa wa pili. Yake aliificha kama mtu aliyeiba kuku. Kila alfajiri akisujudu huomba msamaha, na kila alfajiri hajui hasa anamwomba nani: Mola wake, au marehemu, au huyu aliyesimama mbele yake akimswalisha.

Asubuhi hii ya Julai joto lilikuwa limekwisha kaa chumbani kabla jua halijapanda. Bayumi alipasha maharage ya jana, akayakamulia ndimu, akafunika meza kwa gazeti. Sukari waliigawana kijiko kimoja vikombe viwili. Bei ya sukari ilikuwa imepanda tena, mtungi wa gesi ulikuwa umepanda kabla yake, na vidonge vya kisukari vya Insaf sasa muuza dawa alikuwa akiviuza kwa kukata kipande cha bamba kwa mkasi, maana boksi zima watu hawaliwezi.

Kila Julai pensheni huongezwa kidogo. Mwaka huu nyongeza ilikuja na amri: kila mjane wa askari afike mwenyewe ofisini, na mashahidi wawili wa mtaani kwake, athibitishe kwamba hajaolewa. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Asiyefika, hata kile anachopata kitasimama.

"Umeongea na Mama Rifaat?" Bayumi aliuliza.

"Nimeongea. Atakuja na mumewe."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Kwa nini nisije? Si jirani yangu wewe?'" Insaf aliliviringisha tonge la mkate asile. "Alinitazama sana."

Bayumi alicheka kwa puani. "Huyo hata paka akipita humtazama sana."

Aliinuka, akachukua kitambaa, akaifuta picha ya Abdel-Barr iliyokuwa ukutani juu ya redio. Ni yeye huifuta kila Ijumaa, na leo haikuwa Ijumaa. Katika picha ile marehemu ana sharubu nene na mistari mitatu begani. Mwanzoni Insaf alitaka kuishusha. Bayumi alikataa. "Mwache akae," alisema. "Ndiye anayetulisha."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mwenye nyumba. Hilo ndilo lililomchoma Insaf zaidi.

Maana Abdel-Barr alikuwa askari wa mkataba, mtunza ghala. Vita vyote viwili alivihesabu kwa mablanketi: yaliyotoka, yaliyorudi, yaliyorudi na damu. Mwenyewe alikuwa akikiri, Mungu amrehemu, kwamba bunduki alizisikia kwa mbali kama mlango wa jirani. Lakini alitimiza miaka yake ya utumishi, na miaka ndiyo inayolipwa. Bayumi alichukuliwa kwa lazima akiwa kijana, wakamshika jeshini tangu vita vya kushindwa mpaka vita vya ushindi, ujana wote ukaishia kwenye mchanga wa mfereji. Akauvuka mfereji huo vitani na kikosi cha kwanza, amebeba ngazi ya kamba mgongoni. Akatoka mzima, viungo vyote vipo. Askari wa lazima aliyetoka mzima hupewa kofi la bega na nauli ya kurudi kwao.

"Laiti ningekatika hata kidole," husema Bayumi akiwa na furaha. "Kidole kidogo tu, cha mguu. Leo ningekununulia nyama."

Insaf alivaa baibui lake jeusi. "Wewe usije," alisema.

"Utapandaje zile ngazi na goti hilo?"

"Nitapanda. Mama Rifaat atanishika."

"Mama Rifaat mwenyewe wa kushikwa. Nitakaa nje, kwa muuza chai. Siingii."

Insaf alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena. "Ukiniona natoka na watu, hunijui."

"Nimeshazoea, mama," Bayumi akasema, akainama kumtafutia viatu vyake chini ya kitanda.

Mbele ya ofisi wanawake walikuwa wamekwisha jipanga ukutani kufuata kivuli, na kivuli kilikuwa kinapungua. Mama Rifaat alifika peke yake, anahema, pochi kwapani.

"Baba Rifaat yuko wapi?" Insaf aliuliza.

"Presha, dada yangu. Ameamka kichwa kinamzunguka, nimemwacha amelala na kitambaa cha maji. Ningemburuta?"

"Wanataka wawili."

"Watachukua mmoja. Mimi mmoja ni wawili, nitazame." Alijipiga nyonga, na wanawake wa karibu wakacheka.

Foleni ilikuwa na msemaji wake, kama zilivyo foleni zote. Alikuwa mwanamke mnene aitwaye Hajati Dawlat, mjane wa dereva wa kifaru, naye alikuwa akimweleza mgeni mmoja mambo ya mafungu kwa vidole vyake vilivyojaa pete za bati.

"Sikiliza, mwanangu. Mume akifa, pensheni yake hukatwa kama mkate. Wewe mjane fungu lako. Binti asiyeolewa fungu lake. Kijana wa kiume naye, mpaka akue ajitegemee. Binti akiolewa lake linakatwa. Akiachwa akarudi nyumbani, linarudi. Mimi nina binti ameolewa na kuachwa mara mbili, yule anaijua ofisi hii kuliko mkuu wake."

"Na mjane akiolewa?" mgeni akauliza.

"Mjane akiolewa, basi. Serikali ina wivu kuliko mwanamume yeyote niliyemjua. Marehemu wangu angalau alikuwa analala mchana."

Walicheka tena. Insaf alicheka nao, akahisi macho ya Mama Rifaat shavuni.

"Chekeni, lakini muulizeni Inshirah," akasema mwingine, sauti ikashuka. "Yule wa mtaa wa reli. Aliolewa kimyakimya, kwa sheikh tu. Mtu akamchongea. Wamemkatia, tena wanamdai vyote alivyokula tangu siku ya ndoa. Na kesi juu. Wameuza mpaka friji."

"Nani alimchongea?" Hajati Dawlat aliuliza.

"Nani mwingine? Jirani."

Mama Rifaat alifungua pochi yake, akatoa karanga, akamgawia kila mmoja. Insaf alipokea zake, akazishika mkononi mpaka zikalowa jasho.

Walipoingia ndani saa ilikuwa imekwenda sana. Feni moja ilikuwa ikizunguka darini, nyingine imekufa na waya umening'inia. Nyuma ya dirisha alikaa Madam Nagwa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa na kamba. Mbele yake palikuwa na glasi ya chai iliyopoa, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye ameulizwa swali lilelile tangu asubuhi.

"Mjane wa?"

"Sajini Abdel-Barr Ghunaim, Mungu amrehemu."

"Mashahidi."

"Mimi hapa," Mama Rifaat akasema.

"Wa pili?"

"Ni mume wangu, mama, ana presha..."

"Hajati, sijauliza mgonjwa ni nani. Wa pili."

Insaf alishika ukingo wa dirisha. "Binti yangu, mwaka ujao nitaleta kumi. Leo nipitishie. Goti langu hili..."

"Mfumo haukubali mmoja. Tazama, nikibonyeza hapa unanikatalia." Akabonyeza kweli, kompyuta ikalia. "Leo jioni unafungwa. Usipoingia leo, jina lako linakwenda kwa kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikikaa, itakaa."

"Na mpaka ikae, nile nini?"

Madam Nagwa alivua miwani, akajifuta macho. Hakuwa mtu mbaya. "Hajati, mimi mwenyewe mama yangu yuko kwenye orodha hii hii. Nenda nje, mtafute mtu yeyote wa mtaani kwenu anayekujua. Yeyote mwenye kitambulisho. Nakungoja."

Ndipo Bayumi alipoingia.

Hakuingia kwa nia mbaya. Alikuwa ameona, pale kwenye benchi la muuza chai, mfuko mdogo wa dawa ambao Insaf aliutua alipokuwa anafunga kiatu. Alijua kwamba hajala kitu asubuhi, na anajua akikaa hivyo mikono humtetemeka na ulimi humwia mzito. Alimwonyesha mlinzi zile dawa, mlinzi akaona mzee mwenye kanzu iliyojaa nyuzi za pamba, akampisha. Alikuja moja kwa moja mpaka dirishani, chupa ya maji mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Kizibo cha chupa alikuwa amekwisha kilegeza, kwa sababu vidole vya Insaf haviwezi kufungua vizibo.

"Umesahau hizi, hajati," akasema, sauti ya mtu wa mbali.

Mama Rifaat ndiye aliyesema, kabla ya yeyote. "Huyu hapa! Ami Bayumi. Madam, huyu ni fundi magodoro wa mtaani kwetu, anatujua sisi sote. Ana kitambulisho. Si unacho, ami?"

Insaf alimtazama usoni. Alitafuta kama lile ni wema au ni upanga, hakuona. Uso wa Mama Rifaat ulikuwa mwekundu kwa joto, na midomo yake ilikuwa na ganda la karanga.

"Njoo, mzee," Madam Nagwa akasema. "Umetuokoa. Unamfahamu hajati huyu?"

"Namfahamu."

"Muda gani?"

"Muda wa kutosha."

"Kitambulisho." Alikipokea, akaanza kuandika. "Kazi, fundi magodoro. Bado yapo magodoro hayo? Mama yangu hulalia la pamba mpaka leo, sponji inamuunguza mgongo. Mzee, wewe pia mtu wa jeshi? Mfumo unaniuliza kama shahidi ni mstaafu."

"Nilitumikia."

"Miaka mingapi?"

"Saba. Nilivuka."

"Mashallah. Mkataba au lazima?"

"Lazima."

"Ulijeruhiwa?"

"Hapana."

"Ah." Alibonyeza. "Basi huna stahiki. Wa lazima asiye na jeraha hahesabiwi."

"Naam," Bayumi akasema. "Nilielezwa."

Mashine ya kuchapa ilikuwa inalia mahali fulani ndani. Nyuma yao Hajati Dawlat alikuwa anauliza kama wanafanya sensa au nini. Madam Nagwa aligeuza karatasi, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha.

"Kwanza wewe, hajati. Weka mkono hapa. Sema nyuma yangu: Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

Insaf aliweka mkono. Maisha yake yote hakuwa ameapa kwa Jina hilo ila kwa kweli. Hata sokoni, muuzaji akimwambia aape kwamba yai limevunjika njiani, huliacha yai akaondoka. Sasa Bayumi alikuwa amesimama kando yake, karibu hata akasikia harufu ya sabuni yao, sabuni moja, ya kijani, wanayoikata kwa kisu ili idumu.

Angeweza kusema. Maneno yenyewe ni machache: huyu ndiye mume wangu. Aliyaona mbele yake kama mlango uliofunguka. Nyuma ya mlango aliona friji ya Inshirah inateremshwa ngazini, na bamba la vidonge, na mkasi wa muuza dawa, na Hilmi mwanawe anapigiwa simu huko kazini kwake Sharm aje alipe deni la mama yake na aibu ya mama yake kwa pamoja.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu," akasema.

"Kwamba sijaolewa tangu kufariki kwa mume wangu."

"Kwamba sijaolewa..." Ulimi ukawa mzito. Madam Nagwa akangoja. "Tangu kufariki kwa mume wangu."

"Na sina mume kwa sasa."

"Na sina mume."

"Kwa sasa."

"Kwa sasa."

Madam Nagwa alimgeukia Mama Rifaat. "Wewe, ana mume?"

"Sijamwona na mume mimi," Mama Rifaat akasema upesi, akasaini huku anatazama kalamu, si mtu. Hapo Insaf alijua kwamba anajua, na kwamba amejua siku zote, na kwamba hakumchongea. Aibu ikampanda upya, ya namna nyingine.

"Mzee, na wewe. Hajati huyu ana mume?"

Bayumi aliiweka chupa ya maji kwenye ukingo wa dirisha. Akaweka mfuko wa dawa kando yake. Akamtazama Insaf, akamtazama kama alivyokuwa akimtazama siku ile ya pindo, bila haraka, na Insaf akateremsha macho mpaka kwenye kanzu yake, kwenye ule uzi mweupe wa pamba ulioshika mkononi, ambao kila siku yeye humtolea kwa vidole kabla hajatoka mlangoni. Leo alisahau kuutoa.

Insaf alitaka Bayumi aseme "anaye". Alitaka hivyo kwa moyo wake wote, na kwa moyo huohuo akamwomba Mungu asiseme.

"Hana," Bayumi akasema.

"Saini hapa. Au dole gumba, ukipenda."

"Naandika."

Alijifunza kuandika jina lake handakini, na bado huliandika vilevile, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayechimba. Alishika kalamu kwa ngumi. Jina lake, jina la babaye, jina la babuye. Lilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliilaza kalamu juu ya karatasi, sawasawa, akachukua kitambulisho chake.

Kompyuta haikulia safari hii. Madam Nagwa alipiga mhuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Umeingia, hajati. Na nyongeza imeingia. Hongera." Akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya kioo. Ilikuwa nyongeza ya kununulia nyama mara moja, ya watu wawili, bila mifupa.

"Ami Bayumi," Mama Rifaat akasema taratibu, "ngoja basi twende wote, jua kali."

Insaf aliinua chupa. Kizibo kilitoka kwa kuguswa tu. Akafungua mdomo amwite, na hakujua, mbele ya watu wote wale, amwite kwa jina gani.

Bayumi alikuwa amekwisha geuka. Aliwapita wanawake waliokuwa kwenye foleni, wakampisha, Hajati Dawlat akamwambia Mungu akulipe, mzee, kwa ushahidi. Mlinzi alimfungulia mlango, mwanga wa mtaani ukaingia mpaka miguuni mwao, naye akatoka.